Kiberiti chini ya waya

Jumapili, saa nne usiku

Laptopu ya Baba iko mezani imefungwa, na taa yake ndogo ya chaji inawaka. Inawaka bila mtu kushikilia waya. Nina nusu saa sasa nimekaa naitazama, usingizi umenikimbia.

Mwezi uliopita nilikwenda Korogwe nikamkuta Baba amejipangia mitambo yake kwenye meza ya chakula. Plagi ya chaja imechomekwa kwenye laptopu, chini yake kiberiti, na juu ya kiberiti kipande cha boksi kilichokunjwa mara mbili ili plagi ikae kwa mshazari ule mmoja tu ambao umeme unapita. "Usiguse hapo, mwanangu," aliniambia kabla hata hatujamaliza salamu. Betri imechoka, haikai zaidi ya dakika kumi. Waya ukiteleza na yeye hajaona, mashine inazima na alichoandika kinakwenda nayo.

Baba anaandika habari za maisha yake ya ualimu. Amefika mwaka 1977. Azimio la Musoma la 1974 lilikuwa limetaka watoto wote wawe darasani ifikapo mwaka huo, walimu hawakutosha, na yeye ni miongoni mwa vijana wa darasa la saba waliopewa chaki wafundishe huku wakijifunza kazi. Sura hiyo ameshaiandika mara tatu. Mara mbili ilipotea kwa sababu ya lile tundu la chaji linalolegea. Nilipoondoka nikaibeba laptopu. Akanifungia kila kitu mwenyewe kwenye begi, chaja, waya, na kile kiberiti pia.

Hapa Dar fundi wa kwanza aliitazama kwa juu juu akasema ubao mzima wa ndani, ule unaobeba mitambo yote, ubadilishwe. Bei aliyotaja ningenunua laptopu nyingine ya mtumba. Sikubishana naye, ila niliporudi nyumbani nikaazima multimita ya jirani, kile kifaa cha kupimia umeme, nikapima ncha ya chaja: volti 19 na pointi kidogo, kama ilivyoandikwa mgongoni. Chaja nzima. Nikachomeka plagi, nikaitikisa, nikaona tundu lote linacheza ndani ya kava. Kitu kinachocheza kimeachia mahali. Hapo ndipo nilipoamua kujaribu mwenyewe, mimi ambaye sikuwa nimewahi kulehemu hata waya wa redio.

Kufungua kulinichukua jioni nzima. Nilichora umbo la laptopu kwenye karatasi na kila skrubu nikaibandika kwa selotepu pale pale ilipotoka, kwa sababu zina urefu tofauti na ndefu ikiingia mahali pa fupi inatoboa. Ubao ulipotoka nikamulika tundu kwa tochi ya simu. Kuzunguka pini ya kati palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, mviringo kamili. Miaka yote ile plagi ikisukumwa huku na huku, risasi ya kulehemia iliyoshika pini ilikatika polepole, na cheche zikaacha weusi pembeni. Ufa huo ndio ulioipoteza ile sura mara mbili. Niliuangalia kwa muda mrefu.

Nilidhani kazi iliyobaki ni ndogo: yeyusha, vuta, weka jipya. Nikachukua kifaa cha kulehemu cha wati 30, chenye ncha kama sindano, nikakigusisha kwenye mguu wa kwanza wa tundu. Hakuna kilichotokea. Nikahesabu hadi thelathini. Nikakandamiza. Ubao ukaanza kubadilika rangi, kijani kikielekea kahawia, na risasi bado imekaa ngumu kama jiwe. Nikaacha. Nashukuru niliacha.

Siku ya pili yake nilikwenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kununua tundu jipya. Mafundi wa simu wanaliita sistimu chaji, na hata kwa laptopu wanakuelewa. Nilikuwa na lile tundu bovu kwenye picha, na vipimo vya plagi: milimita 5.5 kwa nje, 2.5 kwa ndani. Fundi mmoja mtu mzima, anayefanyia kazi kwenye kona ya duka la mwenzake, alinisikiliza mpaka mwisho. Sijui wangapi wangenisikiliza.

"Mdogo wangu, hiyo ya kwenye ubao si risasi," alisema. "Ni bati lenye fedha na shaba kidogo."

Kumbe tangu Julai 2006 sheria ya Umoja wa Ulaya inabana matumizi ya risasi kwenye vifaa vya umeme, na watengenezaji wa dunia nzima wakafuata. Mchanganyiko huu mpya unayeyuka kwenye nyuzi 217 hivi, wakati ule wa zamani wa bati na risasi unayeyuka kwenye 183. Tena miguu ya hasi imeungana na tabaka pana za shaba zilizofichwa ndani ya ubao, na shaba inanyonya moto kuliko kifaa changu kilivyoweza kuutoa. Nilikuwa nimeinjika sufuria ya pilau juu ya kibatari.

Dawa yake ilinishangaza: ongeza risasi. Paka flaksi, ile dawa ya kusaidia risasi ishike, yeyushia risasi ya kawaida juu ya ile ngumu, zichanganyike, na mchanganyiko utalainika kwa moto mdogo zaidi. Tumia wati 60, ncha pana kama patasi, maana ncha ya sindano haipitishi moto wa kutosha. Kisha akaniuliza swali ambalo sijaacha kulifikiria: "Hilo tundu bovu unalitunza la nini?"

Nilikuwa napigania kulitoa zima, miguu mitano iyeyuke kwa pamoja. Yeye alisema likatekate kwa koleo vipande vipande, halafu kila mguu utoe peke yake. Tundu limeshakufa, kinachookolewa ni ubao. Akaniuzia tundu, utambi wa shaba wa kunyonyea risasi, na ubao mmoja mfu wa kujifunzia. Akaniambia nisiguse wa Baba mpaka nimetoa miguu kumi kwenye ule mfu. Nilitoa kumi na minne, siku tatu, dirisha wazi kwa ajili ya moshi, na kila nikimaliza nanawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chochote cha kula.

Jana nikaingia kwenye wa Baba. Kukata kulikwenda vizuri. Miguu minne ikatoka kwa ulaini ambao sikuutegemea: moto, sekunde chache, mguu unateleza wenyewe kwenye kibanio. Vishimo vya ubaoni vilivyobaki vimeziba nilivizibua kwa kijiti cha meno, risasi ikiwa bado maji. Ukabaki ule mguu wa chanya. Niliuondoa, nikaweka utambi juu ya kishimo chake kusafisha, na hapo umeme ukakatika.

Giza totoro. Kifaa kikapoa mkononi mwangu, na utambi ukagandia ubaoni. Nilichotakiwa kufanya ni kuuacha hapo hapo, niwashe mshumaa, ningoje umeme urudi hata kama ni asubuhi. Niliogopa, sijui niliogopa nini, nikauvuta. Nilisikia kitu kikiachia, mlio mdogo sana, kama ganda la karanga. Nilipomulika, pete ya shaba ya kishimo kile ilikuwa imetoka na utambi.

Sikulala vizuri. Nilikuwa nawaza jinsi nitakavyomwambia Baba.

Leo asubuhi niliirudia kazi nikiwa mtulivu zaidi. Pete ni njia tu ya umeme kufika mahali, na mahali hapo panaweza kutafutwa. Nikaweka multimita kwenye sauti, ilie ikikuta njia ya umeme imeungana, nikalinganisha na picha nilizopiga kabla, nikafuata mkondo kwa macho: kutoka mguu wa chanya ulikuwa unakwenda kwenye fyuzi ndogo, hata sentimita mbili hazifiki. Nililehemu tundu jipya kwa miguu minne iliyo salama, kisha nikachukua waya mfupi wenye ganda, nene kidogo maana ampea zaidi ya tatu zinapita hapo, nikaunganisha mguu wa chanya moja kwa moja na fyuzi. Multimita ikalia. Nikapima chanya na hasi: kimya, hakuna shoti. Nikachomeka chaja ubao ukiwa peke yake mezani, nikapima kwenye fyuzi. Volti 19. Nilikaa chini kwanza kabla ya kuanza kurudisha skrubu.

Saa tatu usiku nikampigia. "Shikamoo Baba." "Marahaba. Imepona?" Nikamwambia imepona, na nikamwambia pia kuhusu utambi, giza, na waya niliouweka badala ya njia yake ya mwanzo. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama sura ya 1977 bado imo. Imo. Nilimsomea aya ya mwisho kwenye simu, akanisahihisha jina la mto.

Kesho alfajiri naipeleka stendi ipande basi la Korogwe. Risasi yangu kwenye fyuzi si nzuri kwa macho, ina uvimbe, na sitaki kumwahidi miaka. Nimemwandikia karatasi: asiinyanyue laptopu waya ukiwa umechomekwa, na taa ikianza kupepesa anipigie siku hiyo hiyo. Kiberiti nimekirudisha kwenye mfuko wa begi, pale pale alipokuwa amekiweka.