Luku ya Gesi

Jumamosi ya tarehe 10 Desemba 2022 gesi ilituishia Moroko ikicheza na Ureno Kombe la Dunia, na hakuna aliyegundua. Sebule yetu ya Leeds, Uingereza, ndogo kama banda la kuku, ilikuwa na watu tisa na sufuria ya pilau iliyofunikwa taulo. En-Nesyri wa Moroko alipofunga kwa kile kichwa dakika ya 42, tuliruka hata vioo vya dirisha vikalia. Nani angesikia boila, ule mtambo wa gesi wa kupasha nyumba joto, imenyamaza?

Wageni walipoondoka, saa moja usiku, ndipo baridi ilipotoka mafichoni.

Nyumba ile ya kupanga ilikuwa ya matofali, katika zile zilizojengwa zikipeana mgongo: ukuta wenu wa nyuma ndio ukuta wa nyuma wa jirani wa mtaa wa pili. Leeds waliendelea kuzijenga mpaka 1937. Ubaya wake unajulikana, hazina dirisha la nyuma na hewa haipiti. Wema wake nilikuja kuujua majirani wa nyuma walipohama mwezi Novemba. Kumbe miaka miwili tulikuwa tunaota moto wao! Ukuta ambao mke wangu alizoea kuuegemea akinyonyesha ukawa barafu, na nyuma ya kabati ukungu mweusi ukaanza kutambaa. Mwenye nyumba nilipompigia aliniambia tuwe tunafungua madirisha. Madirisha ya kioo cha tabaka moja, ambayo nilikuwa nimeziba nyufa zake kwa magazeti.

Gesi tulilipa kabla ya kutumia, kwa kadi. Mimi niliita luku, kama mita ya umeme wa kulipia kabla kule nyumbani Tanzania, ila luku hii ilikuwa na roho mbaya: kila siku ilikata tozo yake, uwashe usiwashe. Mkopo wa dharura wa pauni 10 tulikuwa tumeshaula. Mfukoni nilikuwa na pauni 4, mshahara Alhamisi, na hizo 4 ningeziweka zingemezwa na deni bila hata boila kukohoa.

Nikampigia mama, Tanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona sauti inatetemeka?"

Nikamweleza. Akauliza kwa nini tusiwashe jiko la mkaa. Nikamwambia kwa nyumba ilivyozibwa, moshi wa mkaa ungetumaliza kabla ya baridi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo mwanangu, joto nalo mnanunua?" Huku nyuma yake nasikia pangaboi linazunguka.

Usiku huo tulilala watatu kitanda kimoja, mtoto katikati na kofia kichwani. Asubuhi mke wangu akawa anatafuta karatasi za kuzibia ufa wa mlango, akavuta droo ninayotupia bahasha. Mimi bahasha zenye sura ya serikali huwa sifungui. Ni ugonjwa wa wahamiaji wengi, tunadhani tunafukuzwa. Mbili alizofungua zilikuwa vocha za msaada wa nishati, pauni 66 ya Oktoba na 66 ya Novemba. Hakunigombeza. Alizipanga tu mezani, mbele ya kikombe changu cha chai, akaenda kumvisha mtoto soksi.

Dukani vocha zikaingia kwenye ufunguo wa kulipia umeme, si kwenye kadi ya gesi. Rafiki akatuazima hita ya umeme. Uniti ya umeme wakati ule ilikuwa kama peni 34 na ya gesi kama 10, kwa hiyo kuota kwa umeme ni wazimu, lakini wiki ile tulikuwa wazimu wenye miguu ya moto.

Jumatano Moroko ikacheza na Ufaransa, watu wakarudi. Hita inavuma, Wafaransa wameshatufunga la pili, na mgeni mmoja akavua sweta, akasema, "Aisee, kwenu kuna joto," akanyanyuka, akabandua magazeti yangu na kufungua dirisha.