Ni mtu wa wapi huyu?

Nimerudi chuoni tangu jana jioni, na wiki nzima niliyokaa nyumbani naweza kuimaliza kwa sentensi moja: tulikwenda Nane Nane pale Nzuguni, tulimwoza mdogo wetu wa mwisho Ihumwa, na siku ya Alhamisi nikapokea barua kwamba mkataba wangu wa kufundisha umeongezwa miaka miwili. Ninayotaka kuyaandika usiku huu hayahusu hata moja kati ya hayo. Yanahusu swali la maneno matano alilouliza Baba Mkubwa Jumamosi jioni kule Mvumi, ambalo nimekuwa nalo kwenye treni kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam, kwenye daladala, na leo darasani wakati mwanafunzi wa mwaka wa pili akinipigia mazoezi yake ya fidla, nami nikimwangalia bila kumsikia.

Tulikuwa tumekaa chini ya mkwaju. Mama Mkubwa alikuwa anachambua mlenda, upepo wa Agosti ulikuwa umeanza kutulia, na Baba Mkubwa alikuwa na kikombe cha chai mkono wa kulia. Nilifungua video ya onyesho letu la Machi kule Ujerumani, lile ambalo nilipiga zeze pamoja na piano, fidla mbili, viola na selo, nikamshikisha simu mkono wa kushoto na kuongeza sauti hadi mwisho. Dakika zote 11 alisikiliza ameinamisha kichwa, bila kunywa, kama alivyokuwa akinisikiliza nilipokuwa mtoto. Muziki ulipokwisha akasema:

"Anapiga vizuri. Mkono wake umetulia. Ni mtu wa wapi huyu?"

"Ni mimi, Baba Mkubwa."

"Wewe?"

"Ndiyo, Baba Mkubwa. Na zeze ni lile lile ulilonikabidhi."

"Aa," akasema, akanyamaza. Akanirudishia simu, akakiweka kikombe pembeni ya stuli, kikaanguka, chai ikamwagika, nikainuka haraka kufuta, na tulipokaa tena mazungumzo yakawa ya mbuzi na ya bei ya mtama.

Hakusema kwa kejeli. Baba Mkubwa hana kejeli. Kwanza alisifu, na sifa yake ilikuwa ya kweli, ndiyo maana lile swali likanichoma zaidi. Mtu aliyesikia upigaji mbaya angeniambia niendelee kujifunza, na ningeitikia kwa heshima. Yeye alisikia upigaji mzuri wa mtu asiyemfahamu.

Usiku ule nilijitetea kitandani kwa kila hoja niliyoweza kuipata. Spika ya simu ni ndogo na huharibu sauti nene. Piano ilisogezwa karibu mno na kinasa sauti. Nyuzi zangu nilikuwa nimezipandisha zilingane na noti ya A yenye mitetemo 440 kwa sekunde, ile iliyokubaliwa kuwa kipimo cha kulinganisha ala kwenye mkutano wa London mwaka 1939, kwa sababu piano haiwezi kushuka kunifuata mimi. Hoja zote hizi ni za kweli, na hakuna hata moja inayotosha. Zeze likipandishwa lote kwa pamoja linabaki zeze. Mtu akiimba juu zaidi hageuki kuwa mtu mwingine, na Baba Mkubwa anajua hivyo kuliko mimi.

Mnaomkumbuka kutokana na niliyoandika zamani mnajua kwamba alinikabidhi zeze lile nikiwa na miaka 14, mbele ya wanaume wa ukoo, wakati ambapo msichana wa Kigogo alitarajiwa kushika ngoma ya muheme na kuwaachia wanaume nyuzi. Palikuwa na minong'ono. Alijibu kwamba sikio halina jinsia, kisha akakaa nami miezi minane, kila jioni mbuzi wakisharudi, kabla ya kuniruhusu kuimba huku napiga. Leo Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa Hukwe Zawose, wanaongoza kundi lao kwenye majukwaa ya Ulaya, zeze na marimba mikononi mwao, na watu wanaona ni jambo la kawaida. Kwetu, wakati ule, halikuwa la kawaida, na yeye alibeba lawama kwa ajili yangu.

Marehemu Hukwe Zawose ndiye niliyemtazama kama mfano tangu mwanzo. Alizaliwa mwaka 1938 mkoani kwetu Dodoma na kufariki mwaka 2003. Alizunguka Ulaya na Japani na zeze lake, kisha akarudi Bagamoyo kufundisha kwenye chuo cha sanaa ambacho siku hizi kinaitwa TaSUBa. Kusafiri na kufundisha, kwa mkono uleule. Niliamini kwamba nafanya hivyo hivyo, nikiongeza fidla niliyojifunza baadaye. Kinachonisumbua ni kwamba yeye alirudi na mkono wake, na popote rekodi zake zinapopigwa hakuna Mgogo anayeuliza huyu ni mtu wa wapi.

Na mimi ni mwalimu wa jambo hilihili. Hapo ndipo pananiumiza. Fidla haina alama za kuonyesha kidole kikae wapi, zeze vilevile. Mpigaji ndiye anayetafuta mahali pa sauti kwa sikio lake, na ndiyo sababu muhula wa kwanza wote nawafundisha kusikiliza kabla ya kuwafundisha kasi. Wanapopiga wanne bila piano nawaambia waishushe sauti ya tatu ya ngazi kwa senti 14 (senti ni sehemu ya mia ya hatua kati ya vibonyezo viwili jirani vya piano) kutoka pale ilipo kwenye piano, ili iungane na wenzake bila kutikisika, na wanapopiga na piano nawaambia wairudishe. Huwasikilizisha rekodi chache alizoziacha mpiga fidla Joseph Joachim mwaka 1903, akiwa amepita miaka 70, baada ya kuongoza shule ya muziki ya Berlin tangu mwaka 1869, ili wasikie jinsi kidole cha mtu kinavyobeba sikio la mahali pake na la wakati wake. Nimelisema hilo darasani mwaka baada ya mwaka. Mkono wangu mwenyewe sikuuchunguza.

Leo baada ya vipindi nilijifungia chumba cha mazoezi, nikaazima utepe wa kupimia kwa fundi cherehani wa mavazi ya maonyesho, nikalilaza zeze mezani.

Waya unapotetema hautetemi mzima tu. Hutetema pia kwa nusu, kwa theluthi, kwa robo na kuendelea, na kila mgawanyo una sauti yake nyembamba iliyofichwa ndani ya ile kubwa. Uimbaji wa Kigogo umejengwa juu ya sauti hizo za ndani, hadi ile ya tisa. Mtafiti Gerhard Kubik ameandika juu ya jambo hilo, ingawa Baba Mkubwa alilijua bila kitabu. Kati yake iko sauti ya saba, ambayo piano haina kabisa. Iliyo karibu nayo kwenye piano imepanda zaidi kwa senti 31, nazo kutoka kibonyezo kimoja hadi cha jirani ni senti 100. Ni karibu theluthi nzima ya hatua. Mtu aliyekulia kwenye nyimbo za msunyunho, ambamo sauti ya saba inarudi na kurudi, hawezi kukosa kuisikia tofauti hiyo, kama vile asivyoweza kukosa kusikia lafudhi.

Zeze langu lina nyuzi mbili, ambazo Baba Mkubwa alinifundisha kuziweka kwa namna ambayo ule mwembamba huimba sauti ya tano ya ngazi juu ya ule mnene. Nilipima urefu wa waya kutoka kigingi cha juu hadi kidaraja kilicho juu ya ngozi: sentimita 49. Gawa kwa saba, unapata sentimita 7 kamili. Niliweka alama ya chaki hapo. Nikaugusa waya mnene kwenye alama, kwa kuugusa tu bila kuukandamiza, nikavuta upinde taratibu, na ile sauti ya saba ikatoka yenyewe, nyembamba, juu kabisa, bila mkono wa mtu kuiamulia. Kisha nikaukandamiza waya mwembamba palepale kwenye alama ya chaki. Ilikuwa sauti ileile, oktavu mbili chini yake. Alama moja kwa nyuzi zote mbili! Miaka yote hii nimelipiga zeze hili na sikujua kwamba nyuzi zake hukubaliana kwenye sehemu moja iliyo sawa na upana wa vidole vyangu vinne.

Halafu nikafumba macho, nikapiga wimbo kama ninavyoupiga siku zote, nikasimama ghafla kwenye sauti ile, nikafumbua macho kuangalia kidole kiko wapi. Kilikuwa kimeipita chaki kwa karibu milimita 8, kuelekea kwenye kibuyu. Nikarudia mara sita, na mara zote sita kilitua palepale, kwa uhakika wa mkono uliofunzwa vizuri.

Ningetarajia kulia. Badala yake nilijawa na furaha ambayo sijaisikia kwa muda mrefu, kwa sababu kitu kilichoniuma kwa siku tatu kama hukumu juu ya maisha yangu kilikuwa mbele yangu, kina urefu, kina alama ya chaki, na kinaweza kurekebishwa. Milimita 8. Mzee wa Mvumi, akisikiliza kupitia spika ya simu, kwenye upepo, alizisikia milimita 8 katikati ya piano na nyuzi nyingine 16, akazipa jina sahihi: mtu wa mahali pengine. Hakuna mtahini aliyenisikiliza kwa makini kiasi hicho, hapa nchini wala nje. Sikio lililonifundisha bado linafanya kazi, na bado liko tayari kuniambia ukweli.

Nilikaa mle hadi mlinzi alipogonga mlango. Kazi yenyewe ni ngumu kuliko nilivyodhani, maana waya ungeweza kulegezwa mara moja ukaisha, ila kidole kimeshajifunza, na hakifundishwi upya kwa kuambiwa. Nilipokitazama kilitii, nilipoanza kuimba kilirudi kwenye piano. Lakini kuelekea mwisho, kwenye wimbo wa kubembelezea mtoto ambao sijawahi kuupiga jukwaani popote, kilitua kwenye chaki chenyewe, mara mbili mfululizo, bila kutazamwa. Nadhani nyimbo ambazo sikuzisafirisha bado ziko salama. Nitaanzia hapo. Onyesho la Oktoba lina piano, na nitamwomba mwenzangu aliyeandika muziki wake aiondoe piano kwenye ule ukurasa wa katikati, abaki na nyuzi tu, kwa kuwa wale wanne wanaweza kunifuata na hawatakataa. Nimemweleza Baba Eliya yote haya wakati wa chakula, na chaki ikiwa bado kwenye vidole vyangu, akaniuliza kwa nini sikumwuliza Baba Mkubwa mwenyewe pale pale. Nilimjibu kwamba niliona haya. Ni kweli, niliona haya.

Nimeifungua tena video ile sasa hivi, kutafuta sehemu ya kuwasikilizisha wanafunzi Jumatatu. Eliya amelala, kwa hiyo nimeitazama bila sauti. Kuanzia dakika ya nne mpiga picha amesogea karibu, na kwa muda mrefu hakuna piano wala wenzangu, ni uso wangu tu umejaa kioo chote, taa zimeniwakia, nimevaa kitenge cha njano alichoninunulia Mama Mkubwa kwenye soko la Majengo.

Simu hii ilikuwa mkononi mwa Baba Mkubwa. Kioo kilikuwa kimemwelekea.

Nilidhani ameinamisha kichwa ili asikie vizuri. Na kikombe: stuli ilikuwa palepale ilipokuwa tangu tulipokaa, na alikiweka taratibu kabisa, kama mtu aliye na uhakika, nusu yake ikiwa hewani. Jumapili Mama Mkubwa alimshika mkono njia yote ya kwenda kanisani, nikawatazama kwa nyuma nikafurahi kwamba wazee wangu wanapendana. Alipokuja kwenye harusi hakunijibu nilipompungia mkono kutoka upande wa pili wa turubai, nami nikajiambia bado analifikiria zeze. Babu alimaliza miaka yake ya mwisho hana macho, kwa ugonjwa wa vikope, kama wazee wengi wa upande ule.

Ni saa sita kasoro. Mama Mkubwa huzima simu yake saa mbili usiku ili kutunza chaji. Nitampigia alfajiri, kabla hajatoka kwenda kuchota maji, nimwulize ni tangu lini yeye ndiye anayemmiminia chai.