Picha safi haimalizi swali

Usiku huu nawaza ensefalaitisi ya kipokezi cha NMDA, ubongo kuvimba kwa sababu kingamwili za mwili wenyewe hushambulia vipokezi vya NMDA ambavyo seli za neva hupokelea ujumbe, maradhi ambayo Josep Dalmau na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliyaeleza mwaka 2007 kwa wanawake 12 wenye teratoma (aina ya uvimbe), karibu wote kwenye ovari. Kinachoniuma ni majibu ya picha ya ubongo, "MRI haina shida", yanavyofunga mlango mapema. Msichana aliyekuwa mzima juzi, leo halali, anasikia sauti, anamtuhumu mama yake kumtilia sumu kwenye uji. Picha ikitoka safi, anaandikiwa haloperidoli, dawa ya kutibu magonjwa ya akili, na kurudishwa nyumbani. Kumbe katika maradhi haya takribani theluthi mbili ya picha za mwanzo huwa safi.

Kingamwili za maradhi haya haziui seli ya neva moja kwa moja. Hushika vipokezi kwenye sehemu yao iitwayo GluN1 na kuviunganisha, seli ikavivuta ndani, mawasiliano yakafifia. MRI ya kawaida haioni vipokezi vilivyopungua. Waliofanya kazi chumba cha upasuaji wanamjua mgonjwa anayezinduka kutoka kwenye ketamini, dawa ya usingizi, akiongea na watu wasiokuwepo. Ketamini nayo huziba kipokezi hichohicho. Ila yenyewe huisha baada ya saa chache, kingamwili hukaa wiki na miezi.

Carsten Finke na wenzake wa hospitali ya Charité, Berlin, walichapisha mwaka 2013 vipimo vya wagonjwa 24 waliokwisha kupita kipindi kikali. MRI tendaji, inayopima ubongo ukifanya kazi, ilionyesha hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu, imelegeza mawasiliano na sehemu za mbele za ubongo, na kiasi cha kulegea kiliendana na udhaifu wa kumbukumbu. Naipenda kazi hii, lakini inabeba tatizo la utafiti wote wa aina yake: aliye katika kilele cha ugonjwa hatulii ndani ya mashine. Kichwa kikisogea milimita chache, takwimu zinaharibika. Akitulizwa kwa dawa, dawa yenyewe inabadilisha kinachopimwa. Hivyo tunawajua zaidi wanaopona kuliko wanaougua.

Ndiyo maana jibu liko kwenye maji ya uti wa mgongo. Kwetu, sukari, malaria, VVU na kaswende hupimwa kwanza, na hapo hakuna mjadala. Baada ya hapo sindano ya mgongo isicheleweshwe, mradi hakuna dalili za shinikizo kubwa ndani ya kichwa. Seli, protini na kipimo cha virusi vya hepesi vitoke kwenye maji hayohayo, na mililita 1 au 2 zigandishwe kwa ajili ya kingamwili. Damu peke yake hukosa takribani mgonjwa 1 kati ya 7, na wakati mwingine hutoa majibu chanya hafifu kwa mtu asiye na ugonjwa huu. Sampuli zote zichukuliwe kabla ya dripu ya imunoglobulini (moja ya tiba zake), kwa kuwa dripu hiyo imejaa kingamwili za watu wengine na itavuruga vipimo vya damu. Kwenye EEG, kipimo cha mawimbi ya umeme ya ubongo, andika saa aliyopewa diazepamu, dawa ya kutuliza: huacha mawimbi ya kasi ambayo msomaji anaweza kuyahesabu kama dalili.

Akipewa haloperidoli akakakamaa na homa ikapanda, usiongeze dozi. Fikiria ugonjwa huu.

Tiba ya kwanza ni methiliprednisoloni (steroidi) gramu 1 kwa siku, siku 3 hadi 5, pamoja na imunoglobulini gramu 0.4 kwa kilo kwa siku, siku 5: mtu wa kilo 50 atahitaji gramu 100 kwa jumla, na bei yake inatisha. Palipo na uhaba, ubadilishaji wa plazma, yaani kuondoa majimaji ya damu yenye kingamwili na kuweka mengine, hufaa pia. Teratoma ikionekana, itolewe. Katika uchunguzi wa wagonjwa 577 uliochapishwa mwaka 2013, asilimia 81 ya waliofuatiliwa hadi miezi 24 walikuwa na hali nzuri, na waliotibiwa mapema walipona vizuri zaidi. Altrasaundi ya kwanza isipoona kitu, irudiwe kila baada ya miezi 6 kwa angalau miaka 2.