Nywele za mawimbi chini ya mtandio

Vuli ikianza tu, nywele zangu hupoteza adabu. Asubuhi nazitengeneza, nazibana, natoka zimetulia. Adhuhuri nikivua mtandio kutawadha, mbele na pembeni zimetimka, timtim. Na hapo hata tone la mvua halijanigusa. Ni unyevu wa Unguja tu, hauna haja ya kubisha hodi.

Zangu ni za mawimbi. Si singa, kwamba nikizichana zinateremka na kubaki hapo. Si kipilipili, kwamba nikisuka leo nimepumzika wiki tatu. Utosini zimelala, kuanzia masikioni zinaanza kujipinda, na kisogoni chini kabisa zinajikunja hasa, utadhani si za kichwa kile kile. Wanaopenda namba hutumia mfumo wa Andre Walker, yule msusi wa Oprah Winfrey: 1 ni zilizonyooka, 2 za mawimbi, 3 za kujiviringa, 4 za kipilipili, kisha herufi ya kuonyesha ukali wa pindo. Kwa hesabu hiyo mbele nina 2A na nyuma nina 2C. Inanisaidia kusoma chupa dukani, basi. Saluni nyingi nilizoingia hazina habari na namba wala herufi. Zina majibu mawili, pasi au dawa.

Nywele hizi mambo yake yote ni maji. Ndani ya unywele kuna vifungo vya haidrojeni vinavyoshikilia umbo lake. Ukilowa, vifungo vinaachia. Ukikauka, vinajifunga upya kwa umbo lile lile ulilokaukia. Ukilala na nywele mbichi, utaamka zimekaa upande siku nzima. Na ile pasi ya saluni, uliyoilipia na kuikalia saa nzima, inakwisha bustanini Forodhani, pale ufukweni, kabla hujamaliza mishikaki, maana unyevu wa hewani unafungua kilichofungwa kwa moto. Kwa hiyo kazi yote ifanywe nywele zinachuruzika, kisha mkono ukae mbali.

Mie huosha Jumamosi asubuhi, ili nipate kushinda nyumbani kichwa wazi. Kufunika nywele mbichi ni kujitafutia harufu na muwasho. Shampuu naitia kwenye ngozi ya kichwa tu. Povu likishuka lenyewe linatosha kusafisha kwengine. Kondishina ni kuanzia masikioni kwenda chini, utosini hapana, nikipaka huko panalala kabisa. Hapo hapo, kondishina ikiwa bado haijasuuzwa, ndipo chanuo la meno mapana linapopita, kutoka nchani kupanda juu. Likimaliza linarudi kabatini hadi Jumamosi nyingine. Najua mama zetu wametulea na kuchana kila asubuhi, lakini mawimbi makavu ukiyachana unayatenganisha unywele mmoja mmoja, na kitakachobaki kichwani ni wingu.

Nasuuza, ila si mpaka nywele zikalia mkononi. Utelezi kidogo naubakisha. Kisha nainama, nywele zote zimening'inia mbele ya uso, natia jeli viganjani, nazikusanya kwa ncha na kuzifinya kupandisha kichwani. Zinatakiwa zitoe sauti, kwachu, kwachu. Usipoisikia, ongeza maji, usiongeze jeli. Baadaye nazifinya tena kwa kanga kuukuu ili kutoa maji. Taulo linakwaruza na kuzisimamisha. Kanga mpya nayo ina wanga wa dukani, hainyonyi kitu. Ile iliyofuliwa hata jina lake halisomeki ndiyo yenyewe. Nikishamaliza, nakaa chini ya pangaboi, na hakuna ruhusa ya kugusa. Zikikauka zinakuwa ngumu, za kukakamaa, mtu asiyejua ataogopa. Ndipo nazifinya kwa mikono mikavu, ugumu unavunjika na mawimbi yanabaki yamekaa mahali pake.

Jeli yangu ni bamia. Ndiyo, bamia za sokoni, fungu moja. Nazikata vipande, nazichemsha kwa maji kiasi cha kuzifunika, naacha mpaka maji yashike mlenda na kuvutika kwenye kijiko. Nachuja yakiwa bado ya moto kwa kitambaa chepesi, kwa sababu yakipoa hayachujiki, yananing'inia tu kwenye kitambaa. Natia kwenye chupa, naweka kwenye friji, natumia ndani ya siku chache. Yakianza kunuka uchachu ni ya kumwaga, usiyaonee huruma. Bibi yangu alipoona mara ya kwanza aliniuliza kama na ngogwe natia kichwani.

Sasa maji yenyewe. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji ya visima yanapanda na chokaa. Sabuni inakataa kutoa povu, na ukimaliza kuosha nywele zina utando, mawimbi yanakuwa mazito na hayajikunji. Dawa nzuri kuliko zote inashuka bure mwezi wa nne: maji ya mvua. Siyo yale ya mwanzo yanayoosha bati na kinyesi cha kunguru. Acha mvua ipige kwanza, kisha tega ndoo. Nayaweka kwa suuza la mwisho tu. Kiangazi natumia siki kijiko kimoja kwenye kopo kubwa la maji, namwaga kichwani, nasuuza. Wako wanaotumia ndimu, na inafanya kazi ile ile, lakini usitoke nayo juani. Maji ya ndimu yakikauka kwenye ngozi na jua likapiga yanaunguza, yanaacha mabaka meusi kwenye paji la uso.

Bibi na mie tunagombana kwa mafuta ya nazi. Yeye anataka yapakwe baada ya kuosha, kichwa king'are. "Mwanangu, kichwa kikavu hivyo, watu watasema huna mwenyewe!" Mie napaka usiku wa kuamkia Jumamosi, kabla ya kuosha. Mwaka 2003 watafiti wa India walichapisha kazi yao wakilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini, wakakuta ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini ya nywele, kwa vile yanaingia ndani ya unywele badala ya kukaa juu. Watafiti hao waliajiriwa na kampuni inayouza mafuta ya nazi, lifikirie hilo mwenyewe. Mie kazi yake nimeiona kwenye nywele zangu mwenyewe: kabla ya kuosha, ncha hazikatiki, baada ya kuosha, mawimbi yananyooka kwa uzito na mtandio unanuka kibatari.

Kwa mkunazi, lakini, bibi amenishinda. Anayaanika majani kivulini, anayatwanga, anayavuruga na maji mpaka yatoe povu la kijani. Nilipokuwa mdogo nilikimbia kwa sababu ndiyo majani ya kuoshea maiti. Siku hizi naosha nayo mara moja moja badala ya shampuu. Yana saponini, yaani kitu cha asili kinachotoa povu kama sabuni, yanatoa mafuta bila kukwangua. Jamaa zetu wa Muscat wakija wanatuletea unga wake kwenye pakiti, sidri, zawadi kabisa, kana kwamba mkunazi hauoti Unguja.

Siku za kazi sibani nywele kwa nguvu juu ya utosi. Nasuka mabutu mawili malegevu, nayapishanisha nyuma ya shingo, juu yake kofia ya ndani ya satini, kisha mtandio. Pamba inanyonya unyevu wa nywele na kuzisugua, satini inateleza. Jioni nikifungua, nalowesha mikono, nafinya kidogo, mawimbi yanarudi.

Mahali nywele hizi zinapotoka nje ni harusini, ukumbi wa wanawake, buibui zimevuliwa. Kikuba cha asumini na rehani kinakaa vizuri kwenye mawimbi, hakiporomoki. Lakini harusini ndiko ninakosikia pia sifa nisiyoipenda. "Mashallah, nywele za Kiarabu," mama mmoja ananishika kisogo, na pembeni yangu amekaa dada yangu, tumbo moja baba mmoja, mwenye kipilipili nzito nyeusi inayoshika msuko vizuri kuliko kichwa chochote ukoo mzima. Yeye haguswi, haambiwi neno. Wanaosifu hawana nia mbaya, najua, na ndivyo walivyofunzwa tangu zama ambazo singa ilikuwa cheti cha ukoo. Siku hizi najibu, "Ahsante shangazi, na mwangalie na mwenzangu." Dada ananikanyaga mguu chini ya meza. Halafu kesho yake anakuja kuniomba chupa ya bamia kwa ajili ya vitwisti vyake, na inamkubali kuliko inavyonikubali mie.

La kukata, kwa vile mnauliza sana: nywele za mawimbi zikikauka hupanda. Msusi akizivuta zikiwa zimelowa na kukata mabegani, nyumbani utazikuta shavuni. Mwambie aache vidole viwili zaidi ya urefu unaoutaka, au akate zikiwa kavu, pindo kwa pindo. Akisema anataka kuzipiga pasi kwanza ili aone vizuri, chukua mkoba wako uondoke.