Mshale Haujatulia

Babu mzaa mama alifika kwetu, kambi ya wachuma chai Mufindi, Desemba ya 1986, kaloa chepechepe, mkononi kidumu cha ulanzi, pombe ya mianzi, alichokilinda njia nzima kutoka Njombe. Mama alipiga goti pale pale mlangoni: "Kamwene, baba." Babu akaitika "Kamwene" huku bado anakung'uta koti.

Nilikuwa darasa la sita, na likizo kwa mtoto wa kambini maana yake ni kwenda na mama shambani. Chai hulipwa kwa kilo. Unachuma majani mawili na chipukizi, kiganja kikijaa unarusha nyuma kikapuni bila kugeuka, na ikifika saa nne vidole vimeshakuwa vyeusi kwa utomvu ambao hakuna sabuni ya kuutoa.

Babu naye alikuwa kibarua enzi zake, ila wa mkonge. Miaka ya 1950 aliandikishwa na SILABU, chombo ambacho wenye mashamba walikianzisha mwaka 1944 kuwatafutia watu wa kazi, akapakiwa kwenye lori na vijana wenzake wa Kibena hadi Korogwe. Huko wakaitwa manamba, kwa ile namba ambayo kila mmoja alipewa. Alirudi na blanketi, kovu chini ya jicho la kulia, na nyimbo. Usiku ule wa kwanza, tumezunguka moto, alinifundisha mmoja.

Ulikuwa wimbo wa kipande. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Ukimaliza sehemu uliyopimiwa, siku yako inatiwa alama; usipomaliza, au mnyapara akikuchukia tu, jasho la siku hiyo limekwenda bure na kesho unaanza pale pale. Ndiyo maana mwezi wa manamba ulifika siku 40, pengine ukapita. Kiongozi alihesabu: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wenzake waliitikia kwamba ya nne imeliwa. Waliuimba kwa Kiswahili kwa kuwa safu moja ilikuwa na Mbena, Mngoni, Mnyamwezi na Muha. Mnyapara alisikia kila neno, lakini angemshika nani, na walioimba ni safu nzima?

Nililala nao kichwani. Asubuhi, ukungu ungali umeifunika chai, nikauanza kwa sauti yangu yote. Babu alikuwa ametufuata, gunia kichwani kujikinga na manyunyu. Akanigusa bega.

"Nyamaza kwanza. Huo ulishamaliza kazi yake."

"Babu, si umenifundisha mwenyewe jana?"

"Nimekufundisha kuimba. Wewe kipande umewahi kukishika?"

"Hapana."

"Basi tazama kinachomla mama yako."

Maneno yale yalinichoma, kwa sababu nilijiona najua. Shuleni, kwenye somo la siasa, nilikuwa wa kwanza kusimama na kueleza Azimio la Arusha la mwaka 1967: kwamba tumenyonywa, tumeonewa na kupuuzwa vya kutosha. Niliyasema nikiamini, na bado nayaamini. Lakini mnyonyaji kichwani mwangu alikuwa mtu wa picha, mwenye tumbo kubwa na mrija mdomoni, anayeishi mbali. Sikuwahi kufikiri nimtafute pale ninapopita kila siku na mama.

Jioni nikatazama. Mizani ilining'inia kwenye miti mitatu iliyofungwa pamoja, kando ya barabara ya trekta. Kikapu cha mama kilipotundikwa kwenye ndoano, mshale uliruka hadi 20, ukaanguka 14, ukaanza kupanda tena. Ulikuwa haujafika popote karani aliposema, "Kumi na nne." Akatoa mbili, za kikapu na za maji ya mvua kwenye majani. Akaandika 12. Mimi macho yangu yalibaki kwenye mshale. Ulisimama kwenye 17.

"Karani, mwanangu," babu alisema kwa upole, "mshale haujatulia."

"Mzee, foleni ndefu hii." Hakuinua kichwa.

Foleni ilikuwa ndefu kweli. Kina mama wote waliokuwa ndani yake walijua, na kila mmoja alikuwa anangoja zamu yake ya kukatwa.

Sikulala vizuri. Sikutunga kitu kikubwa. Maneno nilikuwa nimeshayasikia. Asubuhi nikachukua sauti ya ule wimbo wa mkonge nikaita, "Mshale haujatulia!" Kimya. Mama akanikata jicho. Nikaita tena. Kutoka mstari wa tatu, ndani ya ukungu ambamo sikumwona mtu, jirani yetu akaitikia, "Karani kashaandika!" Mtu akacheka, mwingine akadaka, na kufika mchana mlima mzima wa chai ulikuwa unaitikia.

Jioni hawakupaza sauti. Kikapu kikitundikwa, waliokuwa foleni wanaanza chini chini, kama wanaobembeleza mtoto, na hawaachi mpaka mshale usimame. Karani alikaza midomo, kalamu juu ya daftari lililolowa. Akangoja. Mama aliandikiwa 16 baada ya makato, na wa nyuma yake 15. Zile kilo mbili za kikapu na maji ziliendelea kukatwa. Hatukuzipata siku ile wala baadaye.

Wiki iliyofuata mama akahamishiwa kitalu cha bondeni, mwendo wa saa nzima. Hakunilaumu hata siku moja. Lakini nilimsikia akiamka saa kumi usiku, akitafuta viatu gizani ili asituamshe, na hilo halijanitoka mpaka leo. Jirani aliyeitikia kwanza alihamishwa naye.

Babu alikuwa bado yupo. Usiku wa kuamkia safari yake alikaa muda mrefu bila kusema, anageuza kuni motoni. Kisha akaniita nikae karibu.

"Ule wako. Niimbie polepole."

Nikamwimbia. Naye akawa anaitikia; alipofika kwenye kiitikio akateleza, akaingiza ya nne imeliwa badala ya karani.

"Rudia," akasema. "Sijaushika."