Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa drama

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Chai haijachemka, nami tayari nimeshika muswada wa mchezo wetu. Ni Februari, na mwalimu wa drama nchini Kenya haulizwi Februari ana shughuli gani: mashindano ya kaunti ndogo yamebisha hodi. Ukivuka hapo unakwenda kaunti, kisha kanda, kisha taifa. Tamasha hizi za shule zipo tangu 1959, na bado zinatukosesha usingizi hata sisi wa huku Kilifi.

Saa mbili asubuhi niko kidato cha tatu, kipindi cha fasihi. Sipendi kabisa tamthilia isomwe watu wakiwa wameketi, kalamu mkononi, wakisaka maudhui na mbinu za uandishi kwa ajili ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Mchezo uliandikwa uchezwe. Nikawainua wawili, nikawaambia wagombane kama kitabu kinavyosema. Mmoja akatamka maneno yake huku amempa mwenzake mgongo, darasa zima likaguna. Taharuki haikuhitaji tena kuelezwa ubaoni.

Vipindi vingine ni sarufi na insha. Saa saba, githeri ya harakaharaka, kisha madaftari ya kusahihisha.

Saa kumi jioni ndipo siku yangu inapoanza hasa. Tunasukuma meza za bwalo hadi ukutani, maana bwalo ndilo jukwaa letu. Kwanza pumzi. Kila mmoja anachukua kipande cha karatasi chenye ukubwa wa kiganja, anakiweka ukutani na kukipuliza kisianguke, nami nahesabu. Wapya hufika tano tu, karatasi chini. Wanapulizia kifuani, mabega juu. Nawaambia waweke mkono tumboni: "Hapa. Pumzi itoke hapa." Wakizoea, sauti inafika mlango wa jikoni bila mtu kupiga kelele.

Kisha onyesho la tatu. Msichana wa kidato cha pili anaigiza mama anayeletewa habari kwamba mwanawe ametoroka nyumbani. Amejifunga leso ya bibi yake. Siku zote alikuwa akianza kulia mapema, mleta habari hajamaliza hata sentensi, kwa sababu maneno yanayofuata anayajua. Kwangu hakuna kosa gumu kurekebisha kama hilo: mwigizaji kungoja zamu yake badala ya kusikiliza. Leo nikamwomba aachane na kulia. "Mwanangu, msikilize tu. Ukishamsikia, fanya lolote litakalokujia."

Akasikiliza. Habari ikatoka. Hakulia. Akashika pindo la leso, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Wapishi wawili waliokuwa wakisugua sufuria wakaacha kusugua.

"Samahani mwalimu, nilisahau maneno," akaniambia baadaye, macho chini.

Nikamwambia hakusahau kitu.

Saa kumi na mbili nawaachilia, wa mbali kwanza, giza lisiwakute njiani.

Saa tatu usiku nimerudi kwenye muswada. Maneno ya mama katika onyesho la tatu ni mistari sita, na niliipenda sana nilipoiandika. Nimeifuta yote. Mahali pake nimeandika: Mama anakunja pindo la leso.