Siku Platini Zilipotoka kwenye Pikipiki ya Mjomba

Mjomba alikuwa ameinama upande wa kushoto wa injini, geji mkononi, na kwa mara ya tatu asubuhi ile nafasi ya platini, zile ncha ndogo zinazogusana na kuachana ili plagi zitoe cheche, ikampotea. Milimita 0.35. Nafasi ambayo zamani aliipata huku anaongea na watu, sasa aliihangaikia kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano gizani. Mkono ulitetemeka, na jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho. Akakaa kitako, akaifuta geji kwa kitambaa, akaninyooshea.

"Ipime wewe, mjomba."

Nilishtuka. Ile Yamaha XS650 ya mwaka 1976 hakuna fundi aliyewahi kuigusa mbele yake. Niliipima, nikakaza skrubu, na nilipokuwa nakaza, nafasi ikasogea. Nikarudia. Ilichukua karibu saa nzima, na nilijua baada ya kilomita chache tutarudi palepale, kwa sababu kisigino cha platini huliwa kidogo kidogo na kamu inayokisukuma ili kuzifungua. Kikiliwa, nafasi inapungua, platini zinachelewa kufunguka, na cheche inachelewa pamoja nazo. Injini inapoteza nguvu polepole mpaka mwenyewe anazoea, akidhani ndivyo ilivyo.

Jioni nilimwambia wazo langu: tutoe platini, tuweke mfumo wa kielektroniki. Alikaa kimya muda mrefu. Niliogopa kwamba nimemvunjia heshima. Kisha akasema, "Ukiweza kunionyesha kila waya unatoka wapi na unakwenda wapi, sawa. Ukishindwa, usiguse."

Nilisema naweza. Nilikuwa naamini hivyo.

Kifaa kilipofika kilikuwa kidogo kuliko nilivyotarajia: kibamba chenye sensa, rota ndogo yenye sumaku, nyaya tatu, na koili moja ya kukuza umeme wa cheche, yenye midomo miwili. Hiyo koili ndiyo iliyomfurahisha mjomba. Kwenye injini ile pistoni zote mbili hupanda na kushuka pamoja, kwa hiyo koili moja inaweza kurusha cheche kwenye plagi zote mbili kwa wakati mmoja. Silinda moja iko kwenye mgandamizo na inawaka; nyingine inamalizia kutoa moshi, na cheche yake inapita bure bila kudhuru chochote. Kutoka platini mbili, kondensa mbili na koili mbili, tukabaki na kitu kimoja kisichogusana na chochote. Sumaku inapita mbele ya sensa, umeme wa koili unakatwa, cheche inaruka. Hakuna kisigino cha kuliwa.

Kazi yenyewe niliimaliza siku moja. Nilitoa tangi, nikafungua kifuniko cha kushoto kichwani mwa injini, nikatoa sahani ya platini. Vile vyuma viwili vinavyowahisha taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, kadiri injini inavyokimbia, vilivyo upande wa kulia, tuliviacha, maana kifaa hiki bado kinavitegemea. Mjomba alisimamia nipake grisi kwenye ule ufito mrefu unaopita katikati ya kamshafti. "Huo ukikauka," alisema, "sumaku yako itakuwa ya kisasa na taimingi yako ya kizee." Nyaya za zamani za platini, wa rangi ya chungwa na wa kijivu, nilizifunga ncha nikaziacha. Waya wa umeme wa koili, ule mwekundu wenye mstari mweupe, niliuunganisha kwenye koili mpya. Nikapiga kiki mara mbili. Ikawaka.

Sijasahau mlio ule. Injini ilitulia kwenye sailensa kwa mpigo ulio sawa, bila kile kikohozi cha kila baada ya sekunde chache tulichokuwa tumekizoea. Mjomba aliweka kiganja juu ya tangi na kufumba macho.

Halafu nikazima, nikabonyeza stata. Injini ilizunguka, ikazunguka, haikuwaka. Nilipoachia kitufe, ikashtuka mara moja kama inataka kuwaka, ikafa. Nikapiga kiki, ikawaka vizuri kabisa. Mjomba akakanyaga breki ya nyuma kujaribu kitu, na taa ya breki ilipowaka injini ikakata pumzi. Akaachia breki, ikarudi. Akakanyaga tena, ikakata tena.

Nilichofanya baada ya hapo bado kinaniumiza. Nilichukua mita, nikachomoa plagi ya umeme kwenye koili, nikapima ule waya mwekundu wenye mstari mweupe. Volti 12.5. Betri nayo 12.6. Nikasema waya ni mzima, kwa hiyo kifaa ni kibovu. Siku mbili nzima nilikilaumu kifaa. Nilifika hatua ya kutoa sahani ya platini kwenye boksi na kuanza kuipiga msasa nirudishe mambo yalivyokuwa.

Mjomba akanikuta nayo mkononi.

"Ulipima waya ukiwa umelala," alisema. "Upime ukiwa kazini."

Tukarudisha plagi ya koili. Akaniambia nizungushe krankshafti taratibu kwa spana mpaka kile kitaa kidogo kwenye kibamba kiwake, kuonyesha kwamba koili inavuta umeme, kisha nichome ncha ya mita nyuma ya plagi bila kuichomoa. Mita ikasoma 10.4. Kwenye betri, dakika ileile, 12.4. Volti mbili zilikuwa zinapotea njiani. Ukiongeza taa ya breki, zinapotea zaidi. Ukibonyeza stata, betri yenyewe inashuka na koili haibakiwi na kitu cha maana.

Waya wenye nyuzi ishirini ukibakiwa na uzi mmoja mzima, mita itakusomea volti zote, mradi hakuna kinachovuta. Mzigo ukija ndipo ukweli unaonekana. Nimewarudia mafundi wengi jambo hili, na bado naona watu wanapima waya zikiwa zimening'inia hewani halafu wanakwenda kununua kifaa kingine.

Tulianza kuufuata umeme kutoka kwenye betri, hatua kwa hatua, mita ikiwa inasoma. Fyuzi kuu ilikuwa nzima. Swichi ya ufunguo ilipoteza kidogo. Swichi nyekundu ya kuzimia injini kwenye hendeli ilipoteza zaidi; ndani yake vyuma vya shaba vilikuwa vyeusi kama vimeungua. Lakini sehemu kubwa ya hasara ilikuwa ndani ya bakuli la taa ya mbele. Mle ndani nyaya zilikuwa zimejaa kama kiota, na katikati yake kulikuwa na kiungo kilichozungushiwa utepe mweusi. Niliubandua. Utepe ulikuwa umelainika, unanata vidoleni kama gundi ya mti. Chini yake waya mbili za kahawia zilikuwa zimesokotwa pamoja bila lehemu. Shaba yake haikuwa nyekundu tena. Ilikuwa ya kijani na nyeusi, na nilipoikunja nyuzi zikakatika moja moja na kudondoka kama unga wa kutu. Nilivua ganda la waya sentimita tano zaidi, na ile kijani ilikuwa imeingia hadi kule ndani.

Mjomba aliushika ule waya mbele ya jicho lake zima. "Huu niliuunga mimi," alisema. "Mvua ilikuwa inanyesha." Hakusema zaidi, nami sikumwuliza ilikuwa lini.

Platini ziliuvumilia umeme ule mdogo kwa miaka mingi. Cheche ilikuwa dhaifu, sisi tukaizoea. Kifaa cha kielektroniki hakikuwa na uvumilivu ule: volti zikishuka chini ya kiwango chake, kinajizima.

Tulikata kila kilichooza tukaweka waya mpya, nene, kila kiungo kikibanwa kwa koleo na kufunikwa na mpira unaosinyaa kwa joto. Kisha tukaweka rilei, swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Ule waya mwekundu wenye mstari mweupe, pamoja na swichi zake za zamani, ukabaki na kazi moja nyepesi: kuiamsha rilei kupitia namba 86, na 85 ikaenda bodi, yaani upande wa hasi. Umeme wa koili wenyewe unatoka betri moja kwa moja, kupitia fyuzi yake, unaingia namba 30 na kutoka 87. Bodi ya kibamba nayo nikaipeleka hadi kwenye hasi ya betri, nisitegemee fremu iliyopakwa rangi. Nilichora kila waya kwenye karatasi, na kabla ya kuunganisha betri mjomba alinifanya nifuate mchoro kwa kidole, nikitaja: unatoka hapa, unakwenda hapa.

Koili ikasoma 12.2 ikiwa kazini.

Alibonyeza stata mwenyewe. Injini haikumaliza mzunguko wa pili. Akakanyaga breki, akawasha taa zote, akasikiliza, mpigo haukubadilika. Nilimulika alama za rota ya alteneta kwa taa ya taimingi, nikapandisha injini hadi zaidi ya mizunguko 3,000 kwa dakika, na alama ikasimama mahali pake kama imechorwa kwenye jiwe.

Wakati narudisha tangi aliikunjua ile geji, akaipitisha kidole ubao kwa ubao. Nikamwambia haitahitajika tena.

"Nafasi za vali je?" akauliza, akaiweka kwenye mfuko wa shati langu. "Hizo bado zinakungoja."